Mwalimu aliyechoka kuamua

Mteja wangu wa ushauri nasaha katika kisa hiki ni naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya kibinafsi huko Eastlands, Nairobi, yenye Gredi ya 1 hadi ya 9 ndani ya ua mmoja. Ni mama wa miaka arobaini na ushei, ana watoto watatu, na mkubwa wao alikuwa Gredi ya 9 wakati huo. Mumewe anafanya kazi Mombasa. Huja mwisho wa mwezi, na mwezi mwingine haji. Kwao yeye ndiye kifungua mimba, kwa hiyo jambo lolote la wazazi na wadogo zake humfikia yeye kwanza. Kanisani ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama. Ameniruhusu kuandika, na tumebadilisha mambo kadhaa pamoja ili hata jirani yake wa ploti asimtambue. Nitamwita Mwalimu, kama anavyoitwa na kila mtu, kuanzia bawabu wa shule hadi mama mboga.

Hakuja kwangu akisema amechoka. Alikuja akisema imani yake imepoa.

"Dada, siku hizi simsikii Mungu kabisa," aliniambia. Nikamuuliza angependa Mungu amwambie nini. Akataja bila kupumua: kijana wake achague mkondo gani wa masomo ya Sekondari Pevu (Gredi ya 10 hadi ya 12), yeye amkopeshe ndugu yake elfu kumi na tano au amnyime, ahame, maana landilodi ameongeza kodi, amvumilie dada wa kazi au amtafute mwingine, na akina mama washone vitenge vya zambarau au vya buluu kwa ajili ya siku yao. Yote hayo alikuwa ameyaweka kwenye maombi kwa uzito uleule, na kwa kila moja alikuwa akingoja "amani moyoni". Amani haikuja kwa lolote. Kwa hiyo hakuamua lolote, ila yale ambayo wengine walimfinya akaamua usiku, na hayo karibu yote aliyajutia. Mkopo wa simu alioupokea saa tano usiku ili amtumie mtu pesa alikuwa bado anaulipa.

Kilichomtisha hadi akatafuta msaada ni jambo dogo. Jioni moja alifika nyumbani, mkoba ungali begani, dada wa kazi akamuuliza, "Mama, leo tunapika nini?" Mwalimu akaketi kwenye mkono wa kochi akaanza kulia. Watoto walidhani kuna aliyefariki. Mtoto wa kati akakimbilia simu ampigie baba.

Kabla ya kuzungumzia Biblia au ratiba, nilimwomba aende hospitali. Hili huwa silijadili na mteja. Mama wa umri huo anayelala vibaya, anayesahau, anayelia kwa swali la mboga, anaweza kuwa na upungufu wa damu, presha, sukari au shida ya tezi ya shingo, na hakuna ushauri nasaha unaotibu hayo. Pia nilimuuliza waziwazi kama amewahi kutamani asiamke tena. Akanitazama akasema, "Hapana dada, mimi natamani tu nilale." Niliuliza tena kwa njia nyingine katika kikao kilichofuata, kwa sababu jibu la kwanza la swali hilo si lazima liwe la kweli. Jibu halikubadilika. Vipimo vilionyesha damu iko chini, akapewa vidonge vya madini ya chuma. Kwa hiyo msomaji atakapofika kwenye mabadiliko huko mbele, akumbuke kwamba vidonge hivyo vilikuwepo. Siwezi kutenganisha kazi yao na kazi ya mengine tuliyoyafanya, wala sijaribu.

Halafu nikampa daftari la kawaida la shule na kumwomba aandike, siku moja tu ya kazi, kila jambo ambalo mtu au hali ilimdai aliamue. Alichagua Jumanne. Nanakili sehemu yake hapa kwa ruhusa yake.

Saa kumi na moja alfajiri: tokeni za stima zimebaki kidogo, ninunue za mia mbili au za mia tano? Mtoto wa mwisho anakohoa, aende shule au abaki? Mvua inanyesha na matatu ya kwanza inaitisha mia, nipande au ningoje ya hamsini? Kabla ya gwaride: mwalimu wa Gredi ya 4 hajafika, nani ashike darasa? Jikoni wanasema maharagwe hayatoshi, tuongeze nini? Mzazi amekuja na nusu ya karo, amesimama mlangoni na mtoto wake, mtoto amevaa sweta safi kabisa. Nimrudishe nyumbani kama ofisi inavyotaka au nimwache aingie? Saa sita na nusu: nile sasa au nimalize ripoti? Mwenyekiti wa akina mama: zambarau au buluu? Jioni, kikundi cha WhatsApp cha mazishi: nitume mia tano au elfu, maana orodha inabandikwa na jina la kila mtu na alichotoa? Ndugu yangu: "Sis, uko poa? Nina shida kidogo." Mwenyekiti wa akina mama: zambarau au buluu? Saa tatu usiku, kijana: "Mum, ile fomu ya kuchagua shule inafungwa lini?"

Kwenye mstari wa fomu aliandika jibu alilompa mwanawe: "Kesho." Kesho hiyo ilikuwa imeanza tangu muhula ufunguliwe.

Watu wengi wanaoonyeshwa daftari la namna hii hushangaa wingi wa mambo. Mimi nilishangazwa na mpangilio. Jambo zito kuliko yote nyumbani mwake, yaani masomo ya mtoto, lilikuwa limepewa saa tatu usiku. Swali la vitenge lilikuwa limepewa nusu saa ya chakula cha mchana, na mstari wa "nile sasa au nimalize ripoti" haukuwa na jibu kwa sababu hakula. Pia karibu nusu ya mambo yale hayakuwa yake. Mtoto anayekohoa ana baba. Maharagwe yana msimamizi wa jikoni anayelipwa mshahara. Vitenge vina kamati. Lakini kila aliyemfikia alimfikia akiwa na hakika kwamba Mwalimu ataamua, na kweli aliamua, kwa hiyo kesho yake walirudi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Na mumewe? Kila alipompigia Mombasa kumuuliza la kufanya, alijibu kwa upole uleule: "Vile utaona ni sawa, mama." Nimezungumza naye kwa simu. Ni mtu mwema. Maneno hayo kwake yalikuwa heshima: namwamini mke wangu, simwingilii. Upande wa pili wa simu yalikuwa jiwe jingine kwenye kapu. Ndoa nyingi za Nairobi za mume huku na mke kule zinaendeshwa kwa sentensi hiyo, na sijaona bado inayostahimili miaka mingi bila mmoja kukunjamana.

Mwalimu alikuwa amesoma mtandaoni kwamba akili ina akiba kama tangi la mafuta, kila uamuzi hunywa kidogo, jioni tangi liko tupu. Alitaka kujua kama ni kweli. Nilimpa jibu lisilopendeza. Wazo hilo lilipata nguvu mwaka 1998, Roy Baumeister na wenzake walipochapisha jaribio lao: watu waliketishwa mbele ya biskuti zilizotoka kuokwa, baadhi wakaambiwa wasiziguse, wale figili tu, kisha wakapewa fumbo lisilo na jibu. Wale wa figili walikata tamaa mapema kuliko wengine. Kuanzia hapo tafiti zikamiminika. Lakini mwaka 2016 maabara 23, zikiwa na washiriki zaidi ya 2,000, zilijaribu kuipata athari hiyo kwa utaratibu mmoja na zikakuta karibu hakuna kitu. Kuna pia utafiti wa 2011 wa maamuzi zaidi ya 1,100 ya majaji nchini Israeli kuhusu wafungwa walioomba kuachiliwa mapema: mwanzo wa kikao waliokubaliwa walikuwa kama asilimia 65, wakapungua hadi karibu sifuri kabla ya mapumziko, na baada ya majaji kula wakapanda tena. Wakosoaji walionyesha kwamba mpangilio wa kesi haukuwa wa bahati nasibu, kwa mfano wafungwa wasio na wakili walielekea kusikizwa mwisho. Kwa hiyo tangi la mafuta liko mashakani. Lisilo na mashaka ni kwamba mtu asiyelala vya kutosha huamua vibaya, na kwamba mtu aliyechoka hufuata njia rahisi: huahirisha, husema ndiyo ili asumbuliwe kidogo, au husema hapana kwa kila mtu. Mwalimu alikuwa akifanya yote matatu, kutegemea nani ameuliza.

Hapo ndipo tulipogeukia imani yake, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Ni mama anayeijua Biblia. Alikuwa na andiko la kila anachofanya. La "amani moyoni" alilitoa Wakolosai 3:15, "amani ya Kristo iamue mioyoni mwenu." Nilimwomba asome mstari mzima na ile inayoutangulia. Paulo anaandikia kanisa: kuchukuliana, kusameheana, kuvaa upendo, kisha amani ya Kristo, "ndiyo mliyoitiwa katika mwili mmoja." Ni mashauri kwa watu wanaogombana wapatane. Hakuna pale ahadi kwamba Mkristo atahisi utulivu kifuani kabla ya kuchagua rangi ya kitenge.

Mama anayelala saa tano na kuamka saa kumi, asiyekula mchana, mwenye damu pungufu, atahisi nini kifuani akitulia kuomba usiku? Atahisi wasiwasi. Moyo utadunda. Mwalimu aliuhisi mdundo huo kila usiku akausoma kama jibu: Mungu anakataa. Alipoombea mkondo wa kwanza wa kijana, wasiwasi. Akahesabu Mungu kakataa. Akaombea wa pili, wasiwasi. Mungu kakataa tena. Baada ya miezi ya kukataliwa hivyo akafikia hitimisho kwamba Mungu amemwacha. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha kisa chote. Uchovu wa mwili ulikuwa umevishwa joho la unabii. Na kwa kuwa kila jambo lilipaswa kuombewa hadi jibu lipatikane, maombi nayo yakawa kikao kingine cha kuamua, cha mwisho na kirefu kuliko vyote.

Sikumwambia apunguze kuomba. Nisingethubutu, na asingenisikia. Tulikubaliana abadilishe anachoombea usiku. Maamuzi yasiingie kwenye maombi ya usiku. Usiku ni wa kushukuru, kutaja watu wake kwa majina, na kulala. Yanayohitaji hekima yaombewe asubuhi Jumamosi, kwa andiko la Yakobo 1:5, ambalo linaahidi hekima kwa aombaye. Halisemi lolote kuhusu ishara. Mwanzoni aliona kama ni ujanja wa kumkwepa Mungu. "Sasa nikilala bila kumkabidhi hilo jambo, si nitakuwa nimelibeba mwenyewe?" Nikamsomea Mathayo 6:34, yatosha kwa siku maovu yake, nikamuuliza kama kuleta ya kesho mbele za Mungu saa tano usiku, ukiyageuza upande huu na ule, ni kuyakabidhi au ni kuyakagua. Alicheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa.

Kuna mama wa maombi aliyemshauri afunge ili mbingu zifunguke. Simlaumu, alisema kwa upendo. Lakini mtu ambaye mchana wake wote tangu Januari umepita bila chakula tayari anafunga, ila bila faida za mfungo. Nilimwomba aahirishe hadi daktari aridhike na damu yake. Badala yake tulisoma 1 Wafalme 19, polepole. Eliya, nabii aliyetoka kushinda kwenye mlima Karmeli, analala chini ya mti akiomba afe. Malaika hamhubirii. Anamgusa, anampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, anamwacha alale tena, kisha anamwamsha ale mara ya pili kwa sababu safari ni kubwa mno kwake. Lile swali, "Unafanya nini hapa, Eliya?", linakuja baadaye sana, Horebu, baada ya kulala, kula na kutembea. Mwalimu alikuwa amelifundisha somo hilo kwa watoto wa shule ya Jumapili, na kila mara alikimbilia upepo, tetemeko na sauti ndogo. Mkate aliuruka.

Sura ya 18 ya kitabu cha Kutoka aliijua pia, kwani hakuna kongamano la viongozi wa kanisa lisilomtaja Yethro. Ila kwenye makongamano Yethro huletwa kama mtaalamu wa uongozi. Katika maandiko ni baba mkwe aliyekuja na binti yake na wajukuu zake kumrudishia Musa familia, akakaa siku nzima akitazama watu wamemsimamia mkwewe tangu asubuhi hadi jioni, ndipo akasema jambo hilo si jema, atajidhoofisha yeye na watu pamoja naye. Na watu pamoja naye! Wale waliosimama foleni walikuwa wakichoka pia. Nilimwomba Mwalimu aangalie daftari lake kwa jicho hilo: msimamizi wa jikoni aliyesubiri hadi saa tatu asubuhi kujua apike nini, kijana aliyengoja fomu muhula mzima. Hili lilimgusa kuliko maneno yote ya kujihurumia. Watu wa aina yake hawajihurumii, lakini hawapendi kuchelewesha wengine.

Tulichofanya baada ya hapo ni cha kawaida sana. Nyumbani, chakula cha jioni kiliandikwa kwenye karatasi ikabandikwa mlangoni mwa jikoni: Jumatatu githeri, Jumanne ugali na sukuma na mayai, na kuendelea, wiki hadi wiki bila mjadala. Watoto walilalamika kama Waisraeli walivyoilalamikia mana. Wakaruhusiwa kuchagua Ijumaa, na Ijumaa ikawa chapati kila wiki, kwa hiyo nayo ikawa haina uamuzi. Nguo za kazi akazipanga Jumapili jioni. Tokeni zinanunuliwa mara moja kwa mwezi siku ya mshahara, kiasi kilekile. Shuleni, msimamizi wa jikoni akapewa ruhusa ya kuamua mwenyewe hadi kiwango fulani cha pesa, na mwalimu wa zamu akapewa daraka la kujaza pengo la mwalimu asiyefika. Swali la karo lilibaki kwake. Lile si la kugatuliwa. Ni swali la moyo na la sera kwa pamoja. Alichobadilisha ni kwamba wazazi wenye shida ya karo huonana naye kuanzia saa tatu hadi saa nne asubuhi, akiwa amekunywa chai, badala ya kumkamata getini jioni.

Pesa za jamaa ndizo zilizoleta vita. Tulitenga fungu la msaada kila mwezi, nalo likawekwa mikononi mwake na mwa mdogo wake wa kike kwa pamoja; likiisha, limeisha hadi mwezi ujao. Baada ya saa moja jioni hajibu ombi la pesa, isipokuwa mtu yuko hospitalini. Hutuma ujumbe mmoja ulioandikwa tayari: "Nimeona ujumbe wako. Nitakujibu kesho saa nne asubuhi." Alisumbuka na hilo kiimani, akanitajia Mathayo 5:37, ndiyo iwe ndiyo na siyo iwe siyo, kwamba "kesho" si ndiyo wala siyo. Nilimwambia ndiyo anayoitoa saa tano usiku kwa mkopo wa simu, kisha akaichukia wiki tatu, ina uongo mwingi kuliko kesho ya kweli. Ndugu yake hakufurahia. Alimwambia, "Umebadilika, siku hizi hata kukuona ni kwa appointment." Mwalimu alilia tena, na wiki kadhaa hawakuzungumza. Sitadai kwamba walishapatana vizuri. Wanasalimiana.

Kuhusu kujitunza nina neno moja la ukali. Ushauri mwingi unaosambazwa kwenye simu za akina mama ni orodha nyingine ya kuamua: mafuta gani, chai gani ya mitishamba, programu gani ya kupumua, shajara ya aina gani. Mwalimu alijaribu kutembea msitu wa Karura siku za Jumamosi. Ni mahali pazuri, na Wakenya wanaujua msitu ule kwa sababu Wangari Maathai alisimama kuutetea miaka ya 1990. Lakini kutoka Eastlands ni matatu mbili, na kiingilio, na kuamua twende na nani, na turudi saa ngapi. Aliacha haraka. Kilichodumu ni kushuka steji moja kabla ya yake akitoka kazini na kutembea kipande kilichobaki, simu ikiwa ndani ya mkoba. Na kula mchana saa saba kamili, mlango umefungwa, hata kama ni chai na viazi. Na taa kuzimwa saa nne usiku. Hakuna la kupigia picha hapo.

Jumapili ilikuwa ngumu kuliko siku nyingine yoyote ya juma lake, jambo ambalo viongozi wa makanisa ya jiji hili wangepaswa kulitafakari zaidi. Ibada mbili, kuhesabu sadaka ya kikundi, kikao cha kamati, kisha wageni. Siku ya Bwana ilikuwa siku ya maamuzi. Marko 6:31 Yesu anawaambia wanafunzi waliokosa hata nafasi ya kula, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo," na hao walikuwa kwenye huduma halali kabisa. Mwalimu alimwendea mchungaji wake akiomba kuachia uweka hazina. Mchungaji alimsihi abaki hadi mwisho wa mwaka. Wakakubaliana akina mama wawili vijana wahesabu kila Jumapili, yeye akague vitabu mara moja kwa mwezi. Si alichotaka, ila Jumapili mchana sasa hulala. Vitenge vilikuwa vya zambarau, na hakujua nani aliamua.

Mumewe tulizungumza naye wote watatu, yeye akiwa kwenye spika. Nilimwomba achukue maeneo mawili kabisa, ayaamue yeye kutoka hukohuko Mombasa: nyumba, pamoja na landilodi na kodi yake, na matibabu ya watoto. Kuambiwa atoe maoni kuhusu mambo hayo kusingesaidia. Yalipaswa kuwa yake. Alikubali upesi, na juma hilohilo akapiga kuuliza kama amlipe landilodi sasa au angoje tarehe tano. Mwalimu akamjibu, "Vile utaona ni sawa, baba." Nimeambiwa kulikuwa na kimya kirefu, kisha wote wakacheka. Kodi ya nyumba aliizungumza mwenyewe na landilodi, ikashuka kidogo. Kwenye matibabu bado anapiga simu kuuliza.

Fomu ya kijana ilijazwa Jumamosi asubuhi. Mwaka huo wa 2025 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilikuwa likijiandaa kuingia Sekondari Pevu Januari 2026, kila mwanafunzi akichagua kati ya mikondo mitatu, ile ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ile ya sayansi za jamii, na ile ya sanaa na michezo, pamoja na shule 12. Mwalimu alikuwa amewaeleza wazazi wengi ukumbini kwa ufasaha, na mwanawe mwenyewe alikuwa hajapata kuketi naye hata nusu saa. Walikaa mezani baada ya uji, simu zikiwa chumba kingine. Aliomba sala fupi. Halafu akamuuliza kijana anataka nini, na kijana akatoa daftari lake: alikuwa ameshaandika mkondo wa sayansi za jamii na shule zote, na sababu pembeni ya kila moja. Alikuwa amefanya hivyo wiki nyingi zilizopita, akingoja tu mama apate nafasi. Walibadilisha shule mbili, moja kwa sababu ya umbali na nyingine kwa sababu ya karo. Mwalimu aliniambia hakuhisi amani yoyote ya pekee, alihisi njaa tu, kwa hiyo wakala.

Tunaendelea kuonana, kwa nafasi ndefu zaidi sasa. Vidonge vya damu vimekwisha na vipimo vya mwisho vilikuwa vizuri. Mkopo wa simu umelipwa na hajachukua mwingine. Halali vizuri wiki za mitihani, na sidhani kama nitaweza kumsaidia kwa hilo. Kuna mambo mawili tumeyaweka mezani kwa kikao kijacho: wazazi wake kijijini, ambao wadogo zake wanasema lazima "yeye kama mkubwa" aamue wahamie mjini au wabaki, na barua kwa mchungaji kuhusu uweka hazina, ambayo ameiandika asubuhi moja na bado hajaituma.